Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kijana Aliye Hatarini na Madirisha ya Halmashauri

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa yake kabla mweka hazina hajafungua vitabu na kabla ya uchaguzi. Miaka iliyopita taarifa hii ilikuwa orodha ndefu ya vikao na wageni waliotutembelea. Safari hii orodha iko kwa katibu, na mwenye kuitaka ataonyeshwa. Muda niliopewa nautumia kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: kijana wa miaka 14 au 17 anapofikwa na shida asiyoweza kuibeba peke yake, halmashauri inampokeaje, na baada ya siku ya kwanza nani anabaki naye.

Niseme mapema msimamo wa kamati tendaji ili anayetaka kuupinga ajiandae. Huduma zipo, tena si chache. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii, kuna wanasihi, kuna nyumba salama, kuna walimu wa malezi, kuna wahudumu wa afya, kuna polisi wanaoshughulikia mashauri ya watoto. Kinachokosekana ni mtu. Kijana anapitishwa kwa watu watano au sita, kila mmoja anamuuliza yaleyale, kila mmoja anaandika kipande chake, na hakuna hata mmoja awezaye kusema "huyu ni wangu, nitafuteni mimi." Karibu kila tulichoiomba halmashauri mwaka huu kilitokana na hilo.

Mapokezini

Halmashauri ilituruhusu tukae mapokezini kwa zamu, tuwasaidie vijana wanaofika bila mtu mzima. Nilikuwa kwenye zamu alipoingia kijana mmoja mwenye sare ya shule iliyokunjamana, begi limejaa nguo badala ya madaftari. Akapewa fomu. Mstari wa kwanza uliuliza sababu ya kuja, na nafasi ya kujibu ilikuwa fupi kuliko kidole. Akaandika "nyumbani", akaweka nukta, akanyamaza. Chini ya ukurasa palikuwa na sehemu ya sahihi ya mzazi au mlezi. Aliyemfukuza usiku uliotangulia ndiye aliyetakiwa kutia sahihi.

Afisa ustawi aliyetoka kumwita aliitazama ile fomu, akaigeuza kifudifudi, akavuta kiti akakaa ubavuni mwake badala ya kurudi nyuma ya meza. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Leo utalala wapi?" Hakuuliza kijana amefanya nini, wala nani mwenye makosa. Yule kijana alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na mengi aliyosema hayakuwa na mstari wake kwenye fomu.

Tuliandika barua kuhusu hilo, na nashukuru ilisomwa. Fomu ya sasa inaanza na maswali matatu: leo utalala wapi, je, uko salama mahali hapo, na kuna mtu mzima unayemwamini tumpigie. Sahihi ya mzazi imesogezwa hatua ya baadaye, na afisa anaruhusiwa kuendelea bila sahihi hiyo pale ambapo kumtafuta mzazi kunaweza kumtia kijana hatarini. Kwangu haya ndiyo mafanikio makubwa ya mwaka, ingawa hayana picha ya kubandika ukutani.

Saa za kazi hazijabadilika. Ugomvi wa nyumbani hupamba moto jioni na mwisho wa wiki, ofisi ikiwa imefungwa. Tuliomba afisa wa zamu, tukaambiwa bajeti hairuhusu. Tutaomba tena.

Wapole wasio na faili

Shirika la Afya Duniani humhesabu kijana balehe kuwa mwenye umri wa miaka 10 hadi 19, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria ya nchi inapompa utu uzima mapema zaidi. Kwenye karatasi, basi, kijana wa miaka 16 ana ulinzi uleule wa mtoto wa miaka 6. Mitaani sivyo. Mtoto mdogo akikutwa peke yake usiku, watu wanasimama. Huyu mkubwa akikutwa, anaulizwa anafanya nini pale.

Hata kati ya hao wakubwa, wenye vurugu hufika kwenye meza ya afisa kwanza. Aliyeacha shule, aliyepigana, aliyenaswa na kundi linalouza dawa za kulevya: hao hupata faili, hata wasipopata msaada. Wasiwasi wangu uko kwa wapole. Chukua mtoto anayemuuguza mzazi. Anaamka kabla ya wote, anamgeuza mgonjwa, anampa dawa, anawavalisha wadogo zake, anafika shuleni amechelewa na kusinzia kwenye somo la pili. Shuleni anaitwa mvivu, nyumbani anaitwa mtoto mwema, na hakuna upande unaompigia simu afisa ustawi. Hana kosa, kwa hiyo hana faili.

Au chukua binti anayetishiwa na mtu asiyemjua kwamba picha zake za faragha zitasambazwa mtandaoni asipotuma fedha au picha nyingine. Hawezi kuwaambia wazazi, maana anajua simu itachukuliwa, na marafiki zake wote wamo ndani ya simu hiyo. Anachohitaji kusikia kwanza ni kwamba hatalaumiwa, kisha asilipe, asifute ujumbe wowote, na akae na mtu mzima wakati wa kuripoti. Tumewafundisha wanachama wetu kuyasema hayo kwa mpangilio huohuo, kwa sababu mpangilio ukigeuka, binti anafunga mdomo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa umri huu anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba wengi wao hawatambuliwi wala kutibiwa. Ndiyo maana tuliwaendea walimu wakuu tukawaomba jambo dogo: mwanafunzi anayechelewa mara kwa mara aulizwe, kabla ya adhabu, nyumbani kuna nani anayemtegemea. Baadhi ya shule zimekubali. Nyingine zimetuambia hiyo si kazi ya shule. Kwa maoni yangu ni kazi ya shule kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwani mwalimu ndiye mtu mzima pekee anayemwona kijana siku tano kwa wiki.

Hukumu tuliyoisoma pamoja

Waliokosa semina ya katikati ya mwaka wameniomba niieleze ile hukumu ya Uingereza tuliyoijadili. Inafaa, kwa kuwa imetupa hoja tunayoitumia hadi sasa.

Kijana wa miaka 17 alifungiwa mlango na mama yake, akawa analala kwa marafiki, leo hapa kesho pale. Akaenda kwa halmashauri ya Southwark, London, kuomba apokewe kama mtoto mwenye uhitaji chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Halmashauri ikamtathmini, ikasema huyu shida yake ni makazi tu, ikamwelekeza kwenye kitengo cha watu wasio na nyumba. Shauri lilipanda mpaka Baraza la Malabwana, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, na mwezi Mei 2009 majaji wakaamua kwamba halmashauri haiwezi kukwepa wajibu wake kwa njia hiyo. Mtoto mwenye uhitaji ambaye hana pa kukaa kwa sababu mzazi hampi pa kukaa, idara ya watoto ndiyo inayopaswa kumpokea.

Mtu anaweza kuuliza, kuna tofauti gani ikiwa mwishoni kijana anapata kitanda? Tofauti ni kubwa. Anayepitia kitengo cha makazi anapata chumba, basi. Anayepokelewa na idara ya watoto anapata chumba, anapata afisa anayewajibika kwake, anapata mpango wa elimu, na akiwa amekaa chini ya uangalizi kwa muda unaotakiwa, anaendelea kusaidiwa hata baada ya kutimiza 18. Dirisha analoelekezwa siku ya kwanza ndilo linaloamua ataishije miaka mitano ijayo. Na mara nyingi anayemwelekeza ni mtu wa mapokezi, ambaye hakuna aliyemfundisha.

Tulipoipeleka hoja hiyo kwenye kikao cha kamati ya huduma za jamii ya halmashauri, mjumbe mmoja alisema sheria ya wenzetu haituhusu. Kweli, haitufungi. Lakini ujanja ule wa kumwita mtoto "mwombaji wa makazi" ili faili liende ofisi nyingine hauhitaji pasipoti. Tumeomba watumishi wa mapokezi wapewe mafunzo, na sehemu ya kwanza imeshafanyika.

Siku ya kutimiza miaka 18

Kwa kijana aliyelelewa kwenye makao au na familia ya malezi ya muda, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya 18 huwa ni barua ya kufungiwa faili. Wenye wazazi wao wakifikisha umri huo wanaendelea kula mezani, wanarudi nyumbani wakiugua, wanaomba nauli. Huyu ambaye serikali ndiyo ilikuwa mzazi wake ndiye anayetakiwa ajitegemee kwanza.

Binti mmoja tuliyemsindikiza mwaka huu alipata nafasi chuoni. Fomu ya kujiunga ilimtaka aandike jina na namba ya mtu wa kupigiwa akipatwa na dharura. Alikaa nayo muda, kisha akaandika namba ya ofisi ya ustawi, simu ambayo baada ya saa za kazi haipokelewi. Alipotafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba alitaka mdhamini, na hilo nalo halikuwa na jibu. Hakuna huduma ya halmashauri inayoitwa "kuwa mtu wa kupigiwa simu," na wala sidhani inahitaji bajeti.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema maandalizi ya kuondoka yaanze mapema, na kwamba pale inapowezekana kila mtoto apewe mtu maalumu wa kumsaidia ajitegemee. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000 iliyowapa vijana hao mshauri wao binafsi na mpango wa maandishi wa safari ya kutoka, na mwaka 2017 ikasogeza haki ya mshauri huyo hadi umri wa miaka 25. Mpango unakuwa na jina la mtu, na kijana analijua jina hilo.

Tuliyoomba sisi ni machache zaidi ya hayo. Maandalizi yaanze kijana akiwa na miaka 16. Faili lisifungwe mpaka afisa athibitishe kijana anaishi wapi na anasoma au anafanya kazi gani. Na kila anayeondoka apewe jina la mtu mmoja, si la ofisi. Halmashauri imekubali mawili ya kwanza kwa mdomo, na tunasubiri waraka. La tatu bado linazungushwa, na ninaelewa kwa nini: maafisa huhamishwa, na anayemwahidi kijana miaka mitatu anajua huenda yeye mwenyewe asikae hata mmoja.

Hapa niseme neno kuhusu maafisa wenyewe, kwa sababu kwenye mikutano yetu wamekuwa wakisemwa vibaya. Afisa mwenye mafaili yaliyojaa meza mbili hawezi kumkumbuka kila mtoto kwa jina. Tukitaka abaki na kijana, tumtetee apunguziwe mafaili. Barua yetu ya robo ya mwisho ya mwaka ilikuwa ya kuomba waajiriwe maafisa zaidi, na iliwashangaza, maana walizoea barua zetu za malalamiko.

Kinga, na kipande kilichochaguliwa

Tulitoa pia mada kuhusu kuzuia shida kabla haijafika kwa afisa. Mfano uliogusa wengi ni wa Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walikuwa wamelewa angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Hawakufika hapo kwa mihadhara ya kutisha kuhusu pombe. Waliwauliza vijana wenyewe kwa madodoso ya mara kwa mara, wakayarudisha majibu kwa kila eneo, wakawaunganisha wazazi wa kila shule, na wakaweka fedha za umma kwenye michezo, muziki na sanaa. Jiji la Reykjavík huipa familia ruzuku kwa kila mtoto ili imudu ada za shughuli hizo. Sambamba na hayo, sheria iliweka saa ambazo watoto hawapaswi kuwa nje usiku bila mtu mzima.

Mnaweza kukisia ni kipande gani halmashauri ilikipenda. Saa za kuwa ndani hazina gharama. Viwanja, walimu wa muziki na ruzuku za ada vina gharama. Kamati yetu haipingi vijana kulala mapema, lakini kijana anayepigwa nyumbani akilazimishwa kuwa ndani saa nne usiku, tumemfungia pamoja na anayempiga. Tumeliandika hilo waziwazi, na pendekezo la amri ya saa limewekwa kando mpaka lile la shughuli za jioni lijadiliwe pamoja nalo.

Finland nayo ilizungumzwa kwa ufupi. Vituo vyao viitwavyo Ohjaamo vimeweka chini ya paa moja ushauri wa kazi, masomo, makazi na afya kwa walio chini ya miaka 30, na mtu anaingia bila miadi. Wana pia wafanyakazi wa vijana wanaotoka ofisini kuwatafuta walioacha masomo, na kijana ana hiari ya kukataa kusaidiwa. Hilo la hiari lilibishaniwa sana. Mimi nimesimama upande wa hiari. Kijana aliyeburuzwa ofisini huondoka mara ya kwanza anapoachwa peke yake chumbani.

Kwa upande wa familia, wanachama wanaofanya usuluhishi walituletea utaratibu wa New Zealand, uliowekwa kisheria mwaka 1989 kwa kufuata desturi za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kabla uamuzi mkubwa kuhusu mtoto haujafanywa, ukoo unaitwa, unaelezwa hali ilivyo, kisha maafisa wanatoka chumbani na kuuacha upange wenyewe. Halmashauri imeonyesha nia ya kuujaribu. Tumesisitiza sharti moja: kijana aliyedhulumiwa na mtu wa ukoo huo asiketishwe naye chumba kimoja kwa jina la upatanisho.

Kusindikiza, na mipaka yake

Kazi yetu ya kusindikiza vijana kwenye ofisi imekua, na pamoja nayo hatari zake. Kila anayesindikiza lazima awe amehakikiwa na kamati. Hakuna kumpeleka kijana nyumbani kwako. Hakuna mawasiliano ya faragha usiku kwa simu yako binafsi. Na zaidi ya yote, usimwahidi kijana kwamba siri yake hutamwambia mtu. Mwambie kabla hajaanza kusimulia: nikisikia jambo linaloonyesha wewe au mwenzako yuko hatarini, nitalazimika kumwambia anayeweza kukulinda, na nitakuambia kwanza ni nani. Baadhi yenu mlihofu kauli hiyo itawafukuza. Waliosindikiza mwaka huu wanasema vijana wengi waliendelea kuzungumza hata hivyo, pengine kwa kuwa walikuwa wamechoka kudanganywa.

Hoja za kupigiwa kura

Hoja ya kwanza inahusu sisi wenyewe. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Tumeidai haki hiyo kwa halmashauri mwaka mzima huku kamati yetu tendaji ikiwa haina mjumbe hata mmoja chini ya miaka 30. Asiyekuwepo na lake halipo. Kamati inapendekeza katiba irekebishwe, ziongezwe nafasi mbili za wajumbe wenye umri wa miaka 16 hadi 24, wenye kura kamili, na angalau mmoja awe amewahi kuwa chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Vikao vihamishiwe jioni ili wanaosoma waweze kuhudhuria.

Hoja ya pili ni kuanzisha orodha ya watu wa kupigiwa simu: wanachama waliohakikiwa, wawili wawili, watakaokubali majina yao yaandikwe kwenye fomu za chuo, hospitali na kazi za vijana wanaotoka kwenye makao. Muda wa chini wa kujitolea uwe miaka mitatu. Asiyeweza kufika miaka hiyo asijiandikishe, na hatutamfikiria vibaya.

Hoja ya tatu, kuhusu ada ya uanachama, itawasilishwa na mweka hazina pamoja na hesabu, na mkaguzi yupo kujibu maswali. Nafasi ya mwenyekiti iko wazi kama katiba inavyotaka, nami nimechukua fomu ya kugombea kipindi cha pili. Makamu mwenyekiti ataongoza kikao kuanzia sasa hadi uchaguzi uishe. Karatasi za kujiandikisha kwenye orodha ya hoja ya pili ziko kwa katibu mlangoni.

Mwenyekiti